Mwajiri amefunga lango na mshahara hukulipwa: mwongozo kamili wa kudai haki yako

Wafanyakazi wengi wa Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi mwa Kenya ambao waajiri wao wamefunga biashara hukwama mahali palepale. Baadhi hupeleka malalamiko kwa chifu au kituo cha polisi, wakaambiwa kwamba hilo ni suala la madai. Baadhi hufungua shauri katika Mahakama ya Madai Madogo na kurudishwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2016 iliyoiunda mahakama hiyo inaizuia kusikiliza migogoro ya ajira, hata pale ambapo deni halifikii kikomo chake cha shilingi milioni 1. Walio wengi zaidi hawaendi popote. Wanamsubiri meneja aliyeahidi kupiga simu mambo yakikaa sawa, mpaka muda wa kudai unapita.

Chanzo cha kukwama huko karibu kila mara ni kimoja: mtu huanza kudai kabla ya kujua mwajiri wake ni nani mbele ya sheria na yuko katika hali gani sasa. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua uende ofisi ipi, uandike nini na utarajie kiasi gani. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio, usiruke isipokuwa pale unapoelekezwa.

## Vitu vya kukusanya kwanza

- Kitambulisho cha taifa na nambari yako ya PIN ya KRA.
- Barua ya ajira au mkataba, kitambulisho cha kazini, hati za mshahara na barua yoyote ya onyo, likizo au uhamisho.
- Taarifa ya benki au ya M-Pesa inayoonyesha mishahara iliyowahi kuingia. Ile ya M-Pesa unaweza kuiomba kwa *334#.
- Taarifa ya michango yako ya NSSF, ambayo humtaja mwajiri na miezi aliyolipa.
- Ujumbe wa simu na wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi, ukiwa bado kwenye simu ileile uliyoupokea.
- Majina ya wenzako wawili au watatu walio tayari kuapa kwamba mlifanya kazi pamoja.
- Daftari moja la kuandika kila tarehe, kila ofisi uliyofika na jina la aliyekuhudumia.

Usikate tamaa ikiwa hukuwahi kupewa barua ya ajira. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi na kuyahifadhi kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha. Akishindwa kuyatoa mahakamani, ni juu yake kupinga masharti unayoyadai. Hata kibarua ana nafasi: chini ya kifungu cha 37, aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazojumlika kufikia mwezi mmoja au zaidi huchukuliwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Kama lango limefungwa, nenda ulipige picha leo. Piga picha ya lango lote pamoja na mnyororo na kufuli, kisha usogee karibu upige karatasi iliyobandikwa, mpaka jina la aliyeiandika, tarehe na muhuri visomeke. Karatasi hiyo mara nyingi ndiyo ushahidi wa pekee wa siku ambayo kazi yako ilikwisha, nayo hunyeshewa au kubanduliwa upesi. Kama mlinzi bado ana kitabu cha kuingia na kutoka chenye jina lako, mwombe kwa heshima akuruhusu upige picha kurasa chache.

## Hatua ya 1: Hesabu muda uliobaki

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari tarehe uliyofanya kazi mara ya mwisho, kisha utie alama tarehe tatu zinazofuata.

Miezi 3: huo ndio muda wa kupeleka kwa afisa wa leba malalamiko ya kufutwa kazi isivyo haki, kwa mujibu wa kifungu cha 47.

Miezi 12: sheria inasema kwamba pale ambapo madhara yalikuwa ya kuendelea, shauri lifunguliwe ndani ya miezi 12 baada ya madhara hayo kukoma, na mahakama zimewahi kuyaweka baadhi ya madai ya malipo ya kila mwezi katika kundi hilo.

Miaka 3: huu ndio ukomo wa jumla wa madai yote yanayotokana na mkataba wa ajira.

Ushauri wangu ni kwamba uifanye miezi 12 kuwa mwisho wako, usijipe starehe ya miaka 3. Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi muda huu, wala vikao kwa afisa wa leba havisimamishi, wala ahadi iliyoandikwa kwenye WhatsApp. Nasisitiza jambo hili kuliko mengine yote katika mwongozo huu, kwa sababu mahakama haina uwezo wa kuliongeza muda dai la ajira lililochelewa, hata likiwa la kweli kiasi gani.

Umefaulu hatua hii ukiwa na tarehe tatu zilizoandikwa kwa kalamu, na mtu mmoja nyumbani anazijua.

## Hatua ya 2: Mtambue mwajiri wako kisheria

Jina lililo juu ya lango si lazima liwe jina la mwajiri. Tafuta jina lililoandikwa kwenye hati ya mshahara, kwenye muamala wa benki au kwenye taarifa ya NSSF, kisha ulitafute katika Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa kampuni, utapata hati ambayo wengi huiita CR12, inayoonyesha wakurugenzi, wenye hisa, anwani iliyosajiliwa na madeni yaliyowekewa dhamana. Kama huna simu inayofaa, wahudumu wa saibakafe au wa Huduma Centre ya Nakuru au Kisumu watakusaidia, lakini nywila yako ya eCitizen iandike mwenyewe.

Utakuta mojawapo ya hali nne.

Ni jina la biashara tu, si kampuni. Hii ndiyo hali nafuu kwako. Jina la biashara halitengani na mwenyewe, kwa hiyo duka la mikate likifungwa, mwenye duka bado anadaiwa yeye binafsi, pamoja na gari lake na akaunti yake ya benki. Mdai kwa jina lake kamili, ukiongeza maneno "anayefanya biashara kwa jina la" na jina la duka.

Ni kampuni iliyofunga lango lakini bado imo kwenye daftari la msajili. Kisheria kampuni hii i hai. Inaweza kuandikiwa, kushtakiwa na mali yake kukamatwa. Nenda hatua ya 3.

Ni kampuni iliyo chini ya mrasimu (anayewekwa na mkopeshaji mwenye dhamana ili deni lake lilipwe), msimamizi (anayeiendesha kampuni ili kujaribu kuiokoa) au mfilisi (anayeuza mali yake na kuwalipa wadai). Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa Kampuni ya Sukari ya Mumias iliyowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na kwa Nakumatt iliyopewa msimamizi mwaka 2018 kabla ya wadai kupiga kura ya kuifilisi mwaka 2020. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa na husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Fanya hatua ya 3, kisha uruke hadi hatua ya 6.

Ni kampuni iliyofutwa kwenye daftari. Huwezi kuishtaki kampuni isiyokuwapo. Itabidi mahakama iombwe kwanza kuirudisha kwenye daftari, na hapo unahitaji wakili. Ukikuta tangazo kwamba kampuni inakusudia kufutwa lakini haijafutwa bado, mwandikie msajili mara moja ukipinga kwa sababu unaidai, uambatishe ushahidi. Barua hiyo ni rahisi mno kuliko kazi ya kuifufua baadaye.

Onyo: wakurugenzi wa kampuni kwa kawaida hawalipi madeni ya kampuni kutoka mifukoni mwao. Mahakama huwafuata binafsi pale tu penye udanganyifu au matumizi mabaya ya kampuni, na jambo hilo sharti lithibitishwe. Usipoteze miezi ukimkimbilia mkurugenzi nyumbani kwake Milimani.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya deni, kila kipengele peke yake

Afisa wa leba, mahakama na mfilisi wote watakuuliza kiasi na jinsi ulivyokipata. Dai la "wananidai… wanipe haki yangu yote" halijibiki. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa kiwanda cha unga Nakuru aliyelipwa shilingi 18,000 kwa mwezi, aliyefanya kazi miaka 4 kamili, ambaye hakulipwa miezi 3 ya mwisho wala hakwenda likizo ya mwaka wa mwisho. Hapa nimegawanya mshahara kwa siku 26 za kazi, yaani shilingi 692.31 kwa siku.

- Malimbikizo ya mshahara, miezi 3: 54,000.
- Likizo ya mwaka, siku 21: 14,538.
- Malipo ya kupunguzwa kazini, siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, jumla siku 60: 41,538.
- Mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi: 18,000.

Jumla ni shilingi 128,076.

Kipengele cha tatu husahaulika sana. Biashara ikifungwa na nafasi yako ikafa nayo, huko ni kupunguzwa kazini chini ya kifungu cha 40, na sheria inakupa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka. Baadhi ya mahakama hugawanya kwa 30 badala ya 26. Chagua kigawanyo kimoja, ukitaje waziwazi, na usichanganye.

Kama ulikatwa michango ya NSSF isiyofika, iandike kando na uripoti katika ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe, kwani mfuko una uwezo wake wa kumfuatia mwajiri. Na kama mshahara wako ulikuwa chini ya kima cha chini kilichotangazwa kwa kazi yako na eneo lako, tofauti hiyo nayo ni deni.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja ambao mtu asiyekujua anaweza kuusoma na kufikia jumla ileile.

## Hatua ya 4: Barua ya madai, kisha afisa wa leba

Andika barua fupi kwa anwani iliyosajiliwa uliyoiona kwenye CR12. Mfano:

"Niliajiriwa nanyi kama mpakiaji kuanzia tarehe … hadi tarehe … mlipofunga kiwanda bila notisi. Ninawadai shilingi 128,076 kama inavyoonyeshwa kwenye hesabu iliyoambatishwa. Ninaomba mnilipe ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, pamoja na kunipa cheti cha utumishi. Msipolipa, nitachukua hatua za kisheria bila kuwaarifu tena."

Usitoe vitisho wala usitukane. Itume kwa njia inayoacha alama: kwa mkono huku nakala yako ikigongwa muhuri au kutiwa sahihi, kwa posta iliyosajiliwa, au kwa barua pepe na WhatsApp ya mkurugenzi. Piga picha risiti.

Wakati siku 14 zinahesabika, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti ambako kazi ilifanyika. Huduma yake hailipiwi. Beba nakala, usiachie hati asili. Afisa huyu anaweza kumwita mwajiri, kukagua kumbukumbu, kuthibitisha hesabu yako na kuwapatanisha, na kutolipa mshahara ni kosa la jinai analoweza kulipeleka mahakamani. Hata hivyo yeye si hakimu, na mwajiri aliyetoweka anaweza kuupuuza wito wake. Mwajiri asipofika, omba barua inayosema kwamba aliitwa na hakufika. Barua hiyo ina uzito mahakamani.

Kama ulikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, nenda tawini pia. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kina makao yake makuu Nakuru. Chama kinaweza kuwasimamia nyote katika shauri moja, na hilo linakuondolea gharama kubwa kabisa.

Jihadhari na watu wawili. Wa kwanza ni dalali anayesimama nje ya ofisi akidai anamjua afisa na anataka "kitu kidogo" ili faili isonge. Wa pili ni mjumbe wa mwajiri anayekuja na sehemu ya pesa pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Isome yote. Ikisema kwamba umelipwa kila kitu na huna dai lingine, mahakama inaweza kukubana nayo, hata kama ulitia sahihi kwa sababu watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kama ni lazima upokee, andika kwa mkono wako, kabla ya sahihi, kwamba umepokea kiasi fulani kama sehemu ya deni na kwamba unaendelea kudai salio.

## Hatua ya 5: Fungua shauri mahakamani

Hatua hii ni ya yule ambaye mwajiri wake yu hai kisheria. Tangu mwaka 2018, mahakimu wakazi waandamizi na walio juu yao wameruhusiwa kusikiliza migogoro ya ajira ya wafanyakazi ambao mshahara wao wa mwezi hauzidi shilingi 80,000. Kwa hiyo huhitaji kuanzia kwa jaji. Mwenye mshahara mkubwa zaidi huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina vituo Nakuru, Kisumu, Kericho na Eldoret miongoni mwa vingine.

Nyaraka sasa hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama. Dawati la usaidizi la sajili litakuonyesha namna ya kuziweka. Utahitaji maelezo ya madai, hati ya kiapo ya kuthibitisha madai hayo, taarifa yako kama shahidi, taarifa za mashahidi wengine na nakala za ushahidi. Picha za skrini zisiende peke yake: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani, vipi na nani. Watu wengi hushindwa hapa wakiwa na ujumbe mzuri kabisa wa meneja kukiri deni.

Kwa asiye na pesa kuna njia tatu. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, hupokea maombi ya watu wa kipato cha chini. FIDA-Kenya ina ofisi Kisumu na huwasaidia wanawake. Na mahakama yenyewe inaweza kuombwa ikuruhusu ufungue shauri bila ada ukithibitisha kwamba huna uwezo.

Mkiwa wengi, unganeni. Mmoja anaweza kuwawakilisha wenzake mkimpa idhini ya maandishi iliyotiwa sahihi na kila mmoja, lakini kila mtu awe na hesabu yake ya hatua ya 3, kwa sababu mahakama haigawi pesa kwa mafungu sawa.

Hukumu bado si pesa. Baada ya kushinda, omba utekelezaji: kukamatwa kwa mali inayohamishika, au amri ya kuzuia fedha zilizo katika akaunti ya mwajiri. Kama hujui mali iko wapi, mahakama inaweza kumwita mkurugenzi ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali na vitabu vya kampuni. Tumia nafasi hiyo. Wakurugenzi wengi ambao hawakuwahi kujibu simu hujibu wito wa aina hii.

Ipo pia shinikizo la kisheria kwa anayedai shilingi 100,000 au zaidi. Ukiacha notisi ya madai yenye muundo unaotakiwa katika ofisi iliyosajiliwa ya kampuni na siku 21 zikapita bila malipo, sheria huichukua kampuni kuwa imeshindwa kulipa madeni, na unaweza kuomba ifilisiwe. Usiifanye hii bila wakili, na usiifanye kabisa kama kampuni haina mali, maana utagharamia mazishi ya deni lako mwenyewe.

## Hatua ya 6: Kampuni ikiwa na mfilisi au msimamizi

Hapa mambo hugeuka. Amri ya kufilisi ikitolewa, huwezi kuanza wala kuendeleza shauri dhidi ya kampuni bila ruhusa ya mahakama. Chini ya msimamizi pia kuna zuio, na unahitaji kibali chake au cha mahakama. Kuendelea na shauri lako kimyakimya ni kutupa nauli.

Badala yake, wasilisha uthibitisho wa deni kwa mfilisi. Fomu huipata kwake, au katika ofisi ya serikali ya ufilisi iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara pale ambapo serikali yenyewe ndiyo mfilisi. Ambatisha hesabu yako na nakala za ushahidi, uape panapohitajika, na uheshimu tarehe ya mwisho iliyo kwenye tangazo. Dai hata kama unaamini kwamba ofisi ya rasilimali watu ilipeleka orodha ya wafanyakazi. Orodha huwa na mapengo.

Kuhusu kiasi cha kutarajia, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inakuweka mahali pazuri, ila kwa mipaka. Baada ya gharama za ufilisi wenyewe, wafanyakazi hulipwa mbele ya kodi na mbele ya wadai wa kawaida kwa mishahara ya miezi 4 kabla ya ufilisi kuanza, malipo ya likizo na fidia ya kupunguzwa kazini, yote yasizidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Katika mfano wetu, shilingi 110,076 zinaweza kuingia kwenye kipaumbele hicho, na zile 18,000 za notisi zikaangukia foleni ya wadai wa kawaida. Ziandike kwa mafungu hayo mawili ili mfilisi asikuchanganyie.

Kumbuka kwamba benki iliyowekewa rehani juu ya shamba au mtambo mahususi hujilipa kwanza kutokana na mali hiyo. Ndiyo maana safu ya dhamana kwenye CR12 ni ya kusomwa kwa makini: kama kila kitu kimewekwa rehani, wape wenzako picha ya kweli kabla hamjachangishana pesa za wakili.

Umefaulu ukiwa na barua ya mfilisi inayosema dai lako limekubaliwa na kwa kiasi gani. Akilikataa au kulipunguza, hakikisha barua yake inataja sababu, kisha upeleke pingamizi mahakamani ndani ya muda uliotajwa.

Ufilisi huchukua miaka. Kila ukibadilisha nambari ya simu au akaunti ya benki, mwandikie mfilisi ukitaja nambari ya dai lako, na uhudhurie mikutano ya wadai au umpe mwenzako idhini ya maandishi akuwakilishe. Mwonyeshe mwenzi wako au mtoto mkubwa mahali faili ilipo, kwa kuwa deni hili halifi na mtu. Mdai akifariki, msimamizi wa mirathi yake anaendelea kulidai kwa nyaraka hizohizo.